Ukurasa wa Tatu wa Barua ya Gradi

"Hiyo kamba ni ya watu wote!" Mama Fiacre alifoka, shuka lililoloa likimning'inia mkononi. "Tangu lini sherehe ya mtu mmoja ikawanyima wengine pa kuanikia nguo?"

"Nimeomba leo na kesho tu, Mama Fiacre. Leo na kesho!" Mama Gradi alijibu huku akipiga makofi. "Turubai litafungwa hapo. Bila turubai wageni wangu watakaa wapi? Juu ya bati?"

"Wakae kwenye hicho chuo chenu cha vioo!"

Madirisha mawili yakafunguka. Ua huo ulikuwa katika mtaa wa Malvern, nyuma ya maduka ya Jules Street, na familia tano zilikuwa zimepanga vyumba kuzunguka bomba moja na kamba moja. Hakuna aliyekuwa tayari kupitwa na ugomvi mzuri wa Jumamosi asubuhi.

Emérite, binti wa Mama Fiacre mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa amechuchumaa kando ya beseni akisuuza soksi zake za shule, kama alivyofanya kila Jumamosi. Alimsikiliza mama yake, akajua kwamba ugomvi ule haukuwa wa kamba hata kidogo. Ulikuwa wa vitenge.

Mama Gradi alikuwa msusi, mwenyeji wa Uvira, na saluni yake ilikuwa hapo hapo barabarani. Binti yake mkubwa, Gradi, alikuwa amekubaliwa na chuo kimoja cha Sandton, mtaa wa matajiri, kusomea uandishi wa habari. Kesho, baada ya ibada, kungekuwa na sherehe ya kumpongeza. Na kwa desturi yao, sherehe kubwa haifanyiki bila sare: wanawake wote wa karibu hununua kitenge cha aina moja na kushonesha. Safari hii kilikuwa cha rangi ya chungwa, chenye tausi.

Sasa, Mama Fiacre alikuwa fundi cherehani. Mlango wake ulitazamana na wa Mama Gradi. Lakini kazi ya sare akapewa fundi mwingine wa ng'ambo ya barabara. Wiki nzima wanawake walipita mbele ya cherehani ya Mama Fiacre na vitenge vyao kwenye mifuko, wakamsalimia kwa adabu zote, kisha wakavuka barabara.

"Kumi na wawili!" alisema sasa. "Wamepita kumi na wawili mbele ya macho yangu!"

"Ningekupa wewe, ungenibana kiuno makusudi nishindwe kupumua kanisani!"

Mtu akacheka dirishani. Mama Gradi, alipoona ana watazamaji, akaongeza la mwisho. "Huo ni wivu tu. Mwanao Fiacre naye si anasomea uandishi wa habari? Mbona hamjamfanyia sherehe? Au chuo cha simu hakina sherehe?"

Emérite alikamua soksi mpaka vidole vikamuuma.

Chuo cha simu! Kwa kweli lile neno hata yeye mwenyewe alikuwa amelisema moyoni, mara nyingi tu. Kaka yake Fiacre alipopata matokeo ya matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, alikaa wiki mbili na dada Zuhura, mtangazaji wa kipindi cha Kiswahili katika redio ya mtaa. Zuhura, mwenyeji wa Kigoma, alimwandikia maswali manne kwenye daftari. Je, chuo kimo kwenye orodha ya serikali ya vyuo vilivyosajiliwa? Ukimaliza, utapewa karatasi inayoitwaje? Nani anafundisha, na wanafunzi wanafanyia wapi mazoezi ya kazi? Na gharama yote ni kiasi gani, pamoja na nauli na vitabu?

Walipitia vyuo kumi na kimoja. Chuo kikuu chenye jina kubwa na bustani nzuri kilikuwa ghali mno kwao, na mkopo wa serikali haukuwahusu wenye karatasi za ukimbizi. Mwishowe Fiacre akachagua chuo kikuu cha umma kinachofundisha kwa njia ya mtandao. Angesomea nyumbani shahada ile ile inayotambuliwa, na Jumamosi angefanya mazoezi redioni kwa dada Zuhura.

Yote hayo yalikuwa mazuri. Lakini ungeyapiga picha vipi?

Gradi alikuwa na picha. Alisimama mbele ya ukuta wa vioo, kamba ya zambarau yenye jina la chuo shingoni, mkono kiunoni. Picha hiyo ilitumwa Uvira, na shangazi zake wote wakajibu kwa vigelegele vya sauti. Fiacre alikuwa na picha gani? Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuna aliyeituma popote.

Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo Emérite hakumwambia mtu. Zamani, kila baada ya wiki mbili, Gradi alikuwa akimsuka huku akimpa habari zote za uani: nani kanunua kochi, nani kagombana na nani. Tangu avae ile kamba ya zambarau, hakuwa na nafasi tena. Emérite alikuwa na wivu kwa ajili ya kaka yake, na alikuwa na wivu kwa ajili yake mwenyewe. Hakujua upi ulikuwa mkubwa.

Ugomvi ulipopoa, Mama Gradi alimwita kwa sauti ya chini.

"Emérite, mwanangu. Mimi na wewe hatuna ugomvi, sivyo?"

"Hapana, mama."

"Bon. Nichapishie barua ya Gradi pale kwenye duka la kopi. Mchungaji ataisoma kesho kanisani, na fremu nimeshanunua. Gradi yuko saluni, na mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye bei za kusuka." Akampa simu. "Nenda haraka, urudi haraka."

Duka la kopi lilikuwa baada ya taa za barabarani, zile ambazo huku kila mtu huziita roboti. Mashine ilitema kurasa tatu. Emérite aliamua kuzisoma, kwa sababu hakuna mtoto wa ua ule aliyewahi kuachiwa barua ya watu asiisome.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na herufi kubwa za dhahabu: HONGERA. Wa pili ulikuwa na picha ya jengo la vioo. Wa tatu uliandikwa kwa herufi ndogo kama punje za mtama. Mwanafunzi angepewa cheti cha mwaka mmoja. Cheti hicho hakikuwa shahada, na hakikumwezesha kuendelea na masomo katika chuo kingine. Maombi ya kusajiliwa kwa chuo yalikuwa bado yanashughulikiwa. Ada ikishalipwa haitarudishwa.

Emérite akayakumbuka maswali ya Zuhura. La kwanza, hapana. La pili, cheti tu.

Moyo wake uliruka. Haukuruka kwa huruma. Uliruka kwa furaha.

Akajiona mwakani, Gradi akirudi na kacheti kake, Fiacre akiendelea na shahada yake, na Mama Gradi akiwa hana la kusema kwenye kamba ya nguo. Acha walipe kwanza, alijiambia. Acha wacheze. Akaukunja ukurasa wa tatu mara nne, akautia mfukoni.

"Ni hizi mbili tu?" Mama Gradi aliuliza alipozipokea, akiitazama picha ya jengo kwa macho yaliyojaa furaha.

"Hizo tu, mama."

"Mungu akubariki. Chukua andazi."

Andazi lilikuwa tamu sana. Baadaye hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote.

Jumapili mchungaji aliisoma barua, na kanisa zima likapiga makofi. Mama Fiacre alipiga matatu, akaacha. Saa saba mchana ua ulikuwa umejaa. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na masufuria ya sombe ya majani ya muhogo, wali na samaki yalitoa harufu mpaka barabarani. Dada Zuhura, aliyealikwa kuongoza sherehe, alikuwa akijaribu kipaza sauti. "Moja, mbili! Waliovaa tausi mnanisikia?" Gradi alikaa kwenye kiti cha mbele, kamba ya zambarau shingoni, ameinamisha kichwa. Watu walisema ni haya ya msichana mwenye adabu.

Emérite alikuwa akibeba sahani alipoona gari dogo la mizigo limesimama getini. Wanaume wawili walikuwa wakitoa kitu saluni. Zilikuwa zile mashine mbili za kukaushia nywele, zenye vichwa vya duara kama kofia kubwa. Watoto wote wa uani walikuwa wakikaa chini yake na kujifanya wanakwenda mwezini.

"Mnazipeleka wapi?" Emérite aliuliza.

"Wamezinunua," Mama Gradi alisema. Alikuwa akiipangusa mashine ya pili kwa pindo la kitenge chake kipya, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso kabla ya kumpeleka shule. "Kesho saa mbili asubuhi nalipa chuo. Wanasema kesho ndiyo mwisho. Nitasuka tu, wateja wa kukaushwa wataenda kwingine. Mtoto akisoma, mashine zitarudi."

Emérite alisimama na sahani zake. Katika hesabu zake zote za jana, hizi mashine hazikuwamo. Akilini alikuwa amemwona Gradi akiaibika. Hakuwa amemwona Mama Gradi akisuka wateja wawili kwa siku mahali pa sita.

Aliziweka sahani chini, akaingia ndani, akautoa ukurasa kwenye mfuko wa sketi ya jana, akarudi getini mbio.

"Mama, kuna ukurasa mwingine."

"Ukurasa wa nini tena?"

"Wa barua. Zilikuwa kurasa tatu. Huu niliuficha."

Akamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Alijaribu kusoma polepole wasisikie wengine, lakini ua ule haukuwa na siri. Kabla hajafika kwenye ada, viti vya nyuma vilikuwa vimenyamaza. Alipofika kwenye ada, hata muziki ulikuwa umezimwa.

"Nani amekutuma?" Mama Gradi aliuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama yako?"

"Hapana, mama."

"Ni wivu! Mama yako jana kwenye kamba, wewe leo na karatasi! Mmeona mtoto wa watu anapanda, mkaona mumvute miguu!"

"Usimguse mwanangu!" Mama Fiacre alikuwa amefika, miguu bila viatu. "Emérite hasemi uongo!"

"Nilisema uongo, mama," Emérite alisema.

Mama yake akageuka kumtazama.

"Jana nilisema kurasa ni mbili. Ni kweli nina wivu, Mama Gradi. Nilikuwa nao dukani, nilikuwa nao hata kanisani leo watu walipopiga makofi. Ndiyo maana niliuficha ukurasa. Nilitaka mlipe." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa. "Lakini karatasi haina wivu. Mpeni mtu yeyote aisome."

Zuhura alikuja akaichukua. Aliisoma mara mbili, akatoa simu, akatafuta orodha ya serikali ya vyuo vilivyosajiliwa. Watu wakamzunguka. Alipitisha kidole juu, akapitisha chini.

"Hakimo," alisema.

"Labda jina limeandikwa vingine," alisema Mama Gradi.

"Basi tuwaulize wenyewe."

Ilikuwa Jumapili, lakini namba iliyokuwa chini ya barua ilipokewa kabla haijalia mara mbili. Zuhura aliweka sauti ya wazi, akauliza kwa Kiingereza, huku Emérite akiwatafsiria wazee.

"Cheti chenu kinatambuliwa hapa nchini?"

"Sisi ni chuo cha kimataifa, dada yangu," sauti ilisema kwa furaha.

"Nimeuliza hapa nchini."

"Usajili uko njiani."

"Uko njiani tangu mwaka gani?"

"Dada, nafasi zimebaki mbili tu. Mkilipa leo, tunawapa na begi."

"Begi!" alisema bibi mmoja aliyevaa tausi. Zuhura akakata simu.

Mama Gradi aligeuka kumtafuta binti yake. "Gradi. Umesikia?"

Gradi alikuwa amesimama nyuma ya viti. Kamba ya zambarau alikuwa ameivua, ameizungusha mkononi.

"Nilijua, mama," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilisoma ukurasa huo wiki iliyopita."

Gradi aliongea akitazama chini. "Mimi na Fiacre tuliomba chuo kikuu kile kile, cha mtandao. Yeye walimpa shahada. Mimi alama zangu hazikutosha, wakaniambia nianze na cheti cha awali mwaka mmoja, halafu ndiyo niingie shahada. Nikaona aibu. Kila siku nitoke mlangoni nimwone Fiacre, tuliokaa dawati moja, ameniacha nyuma? Nikaona bora mahali ambapo yeye hayupo. Penye vioo. Nilitaka yeye ndiye anione mimi." Akafuta pua. "Sikujua utauza mashine, mama. Nilitaka kukuambia leo asubuhi, lakini mchungaji alikuwa ameshasimama na fremu."

Emérite alimkodolea macho. Wiki zote zile alikuwa akimwonea wivu Gradi, na Gradi naye alikuwa akimwonea wivu Fiacre, pale alipokaa juu ya ndoo yake.

Mama Gradi alikaa kwenye kiti cha mashine ya kukaushia nywele, pale pale getini, kile kichwa cha duara kikiwa juu yake. Kisha akawatazama wale wanaume wawili.

"Zishusheni."

"Eish, mama! Na mafuta ya gari letu?"

"Mtakula mshibe. Pesa yenu hii hapa, sijaigusa. Zishusheni."

Zuhura alimsogelea Gradi. "Ile nafasi ya cheti cha awali bado ipo?"

Gradi alifungua simu. "Mpaka Ijumaa."

"Haya, maswali manne. Chuo kimo kwenye orodha?"

"Kimo," alijibu Fiacre kutoka katikati ya wageni.

"Karatasi yake inaitwaje?"

"Cheti cha awali," Gradi alisema polepole. "Halafu kinafungua shahada."

"Walimu ninawajua wawili, na mazoezi ni kwangu redioni, Jumamosi saa tatu. Nikikukuta umechelewa nitakutaja hewani. Na gharama?"

Gradi alimwonyesha mama yake. Mama Gradi aliangalia, akaangalia tena. "Mwaka mzima? Hii hata kibanda changu kinaiweza," alisema. "Na mashine zangu zikibaki."

Ndipo Zuhura alipowaita wote wawili, Gradi na Emérite, wakasimama mbele yake. Hakutumia kipaza sauti, lakini watu walinyamaza wamsikie.

"Mnataka kujua somo la kwanza la uandishi wa habari?" alisema. "Ukijua jambo linalomhusu mtu, mwambie kabla halijamuumiza. Gradi, uliuficha ukweli kwa sababu uliogopa kuonekana wa pili. Emérite, uliuficha kwa sababu ulitaka kuonekana wa kwanza. Ni wivu ule ule, nao nusura uuze mashine za mama huyu. Wivu utawapata tena, ni wa watu wote, hata mimi ninao. Lakini ukiukuta umeshika karatasi ya mtu, mrudishie mwenyewe haraka. Na chuo hakichaguliwi kwa picha ya kutuma kwa shangazi. Kinachaguliwa kwa kusoma mpaka ukurasa wa mwisho."

"Na wewe," Mama Fiacre alimwambia bintiye, "uongo wako tutauzungumza nyumbani."

"Nitafagia saluni, mama. Kila Jumamosi, mpaka Pasaka," Emérite alisema. Akamgeukia Mama Gradi. "Nisamehe."

"Utafagia kweli," Mama Gradi alisema. "Na wewe Gradi utamsuka. Sitaki kumwona na nywele hizo saluni kwangu, atanifukuzia wateja."

Radi ikapiga upande wa magharibi, kama kawaida ya alasiri za Januari. Matone makubwa yakaanza kupiga turubai, kisha mvua ya mawe. Maji yakapenya pale kamba ilipofungwa, na wageni wakanyakua masufuria na kukimbilia chumbani kwa Mama Gradi, wakicheka, wakikanyagana. Hata wenye gari la mizigo walibeba wali.

Mama Fiacre alibaki chini ya paa la mlango wake, mikono kifuani. Fiacre na Emérite walikuwa kando yake. Ng'ambo ya ua, Mama Gradi alisimama mlangoni akijivutavuta gauni lake la tausi.

"Huyo fundi wa ng'ambo amenibana kiuno!" alipiga kelele juu ya mvua. "Tangu asubuhi sijapumua!"

Mama Fiacre alijaribu kununa. Akashindwa. "Nilijua! Nilikiona kanisani hicho kiuno, nikasema acha apate! Leta nikupanulie!"

"Baada ya kula. Mnasimama hapo kama polisi kwa nini? Sombe inapoa. Fiacre, Emérite, mleteni mama yenu. Mama Fiacre, ingia. Ingia ule."